Nyumba ya Babu Ilijengwa kwa Maji ya Kukopa

"Hutomaliza hata choo." Hivyo ndivyo alivyoniambia binami yangu mbele ya watu, ndani ya sabla ya kijiji, kikombe cha kahawa mkononi na tende shavuni. Sabla ni chumba cha kupokelea wageni na kuamulia mambo. Neno likisemwa humo asubuhi, kabla ya adhuhuri kijiji kizima kimeshalisikia. Mwengine akasema nitapaka simenti, nitapiga picha, kisha nitarudi zangu Maskat. Wa tatu, mzee aliyewahi kuwa na duka Pemba, alinionea huruma kwa Kiswahili: "Mwanangu, wewe umezoea mvua na karafuu. Udongo wa huku utakushinda."

Nimeyaandika maneno yao kama yalivyo. Sikuyasahau hata moja, na leo nyumba imesimama.

Mimi nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, mtoto wa fundi chokaa. Nilipokuja Oman nilikuwa kijana mwenye sanduku moja, na Kiarabu changu kilikuwa cha sala tu. Nilibeba matofali mchana na kusoma jioni mpaka nikapata diploma ya ujenzi. Diploma hiyo nimeitundika sebuleni kwangu, pahala ambapo mgeni hawezi kukaa bila ya kuiona. Nimesimamia majengo mengi. Kuna skuli mbili na zahanati moja katika njia ya kwendea Sur ambazo kila nikipita nazipigia honi, na mke wangu kila mara husema, "Hazikuitikii." Haidhuru. Zinanijua.

Nilipostaafu nikataka kitu kimoja tu: nyumba ya babu yangu.

Iko katika kijiji cha wakulima, si mbali na Ibra, ndani ya hara, yaani mtaa wa zamani, iliyo juu ya mashamba ya mitende. Ni nyumba ya ghorofa moja ya matofali ya udongo. Babu aliijenga kwa chumo la karafuu, kisha akarudi tena Unguja na hakuiona tena. Siku ya kwanza nilipoingia nililala chali sakafuni, katikati ya mavi ya njiwa, nikatazama dari. Juu yangu zilikuwa boriti zile zile nilizozitazama utotoni nikiwa kitandani kwetu Ng'ambo: za mkoko, nyeusi, zimepinda kidogo, zimekatwa kwa urefu mmoja. Mtu alizipakia pwani ya Afrika, akazishusha Sur, akazibebesha ngamia mpaka hapa. Nilicheka peke yangu. Nikasema, hii ni nyumba yetu kweli, hata dari lake linazungumza kama sisi.

Lakini haikuwa yangu peke yangu. Warithi tulikuwa kumi na mmoja, na mkubwa wao ni huyo binami wa tende shavuni. Hara nzima ilikuwa imeshaandikwa katika majengo yanayolindwa. Maana yake huwezi kubomoa, huwezi kuongeza, na ukitengeneza lazima utumie vitu vile vile vya asili: udongo, makapi, chokaa, mitende na boriti. Alikuwapo tajiri mmoja wa Maskat aliyetaka kuichukua aifanye nyumba ya wageni, na warithi wengi walikuwa tayari kutia saini. Nikaomba nafasi. Binami akanipa, kwa namna ya mtu anayempa mtoto kisu butu achezee: nianze baada ya mavuno ya tende, na baridi ikiisha mkaguzi wa serikali atakuja. Akiikuta nyumba imeezekwa na imekubalika, itabaki kwetu na mimi nitaitunza. Akiikuta bado wazi, tunatia saini siku hiyo hiyo.

"Na choo?" aliniuliza.

"Nitaanza na choo," nikamwambia.

Na kweli nilianza na choo. Nilikimaliza kwa wiki mbili. Nikampelekea picha.

Sasa nitasema na makosa yangu, kwa sababu anayesimulia ushindi bila ya makosa hamumwamini, na mimi nataka muniamini.

Kosa la kwanza lilikuwa dogo. Chini ya ukuta wa mashariki udongo ulikuwa umeliwa na unyevu, nami nikautia simenti, mikono yangu ikifanya ilivyozoea kazini. Mkaguzi alikuwa mhandisi mwanamke, kijana, mwenye viatu vya kazi chini ya abaya. Alipita siku moja kututazama, akainama, akaugusa ukuta kwa kidole.

"Nani amepaka hii?"

"Mimi."

"Umesomea ujenzi?"

"Nina diploma."

"Vizuri. Basi utajua namna ya kuibandua."

Alinieleza bila ya kunidharau. Ukuta wa udongo unapumua, na simenti inauziba. Maji yanabaki ndani, yanapanda juu, na mvua mbili baadaye ukuta unakaa chini kama mzee aliyechoka. Nilibandua simenti yote kwa patasi. Mafundi wangu wawili wa Kibangali walinitazama, mmoja akasema kwa Kiarabu chake kilichovunjika, "Bosi leo mwanafunzi." Nikamwambia ndiyo, na yeye ni mwanafunzi wa mwanafunzi, ashike patasi.

Kosa la pili ndilo lililokaribia kuniangamiza. Lilikuwa la maji.

Udongo wa kujengea haukandwi mara moja. Unachimba shimo pembeni mwa shamba, unatia udongo, makapi na maji, unauacha uvunde siku kadhaa, unaukanyaga, unautia maji tena. Ukikosa maji siku moja tu, unakauka na kazi yote imekwenda. Lori la maji haliingii katika hara, kwani vichochoro vyake vilipimwa kwa punda. Tena maji ya visima vya karibu yana chumvi, na ukuta ukikauka unatoa unga mweupe na kubanduka. Yaliyobaki ni maji ya falaj, mfereji unaoleta maji kutoka chini ya mlima na kuyagawa shamba kwa shamba.

Maji ya falaj yana wenyewe. Babu aliwahi kuwa na fungu lake, likauzwa zamani. Nilikodi zamu moja, inayonifikia kila baada ya siku nane. Zamu hizo hupimwa kwa kivuli. Pale uwanjani, chini ya msikiti, kuna mti mmoja mkavu umesimamishwa wima, na ardhini yamepangwa mawe. Kivuli cha mti kikigusa jiwe lako, unafungua mlango wako wa maji. Kikigusa jiwe la pili, unafunga, na mwenzako anafungua. Kila nafasi baina ya mawe mawili wanaiita jiwe. Mtu ana jiwe moja, mwengine ana matatu.

Siku ya kwanza nilikwenda na arif, yaani msimamizi wa falaj, akanionyesha. Kivuli kilipogusa jiwe langu nikatazama simu yangu: saa tatu kamili asubuhi. Nikafurahi. Nikaandika. Tangu siku hiyo, kila zamu yangu ikifika, nilifungua maji saa tatu kamili kwa simu, wala sikwenda tena kukitazama kivuli. Nilijiona hodari. Nikiwaona wazee wamechutama pale uwanjani wakikodolea macho ardhi, nilikuwa nikitabasamu.

Kumbe jua linapoelekea baridi linachelewa kuchomoza, na kivuli kinachelewa nalo. Saa tatu ya simu yangu haikutikisika, lakini jiwe langu lilikuwa likisogea mbele. Kila zamu nilikuwa nikifungua mapema zaidi, na kila dakika niliyoitangulia ilikuwa ya mwenye zamu iliyo kabla yangu.

Mwenye zamu hiyo alikuwa bibi mmoja mjane. Alikuwa na vitalu vitatu vya gatt, majani ya mifugo, na mbuzi tisa. Macho yake hayakuwa mazuri. Aliona kitalu cha mwisho kinageuka manjano akadhani ni wadudu. Kisha siku moja akachukua mkeka wake, akaketi karibu kabisa na mti wa kivuli, akasikiliza. Alisikia maji yake yamekatika, na kivuli bado kilikuwa mbali na jiwe langu.

Nilikuwa ndani ya shimo, suruali imekunjwa magotini, nikikanyaga udongo, nilipomwona juu yangu na bakora yake. Nikajua ni mtu wa Unguja kwa namna alivyofunga kanga juu ya nguo zake za Kiomani.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba, mwizi."

Mafundi wangu wakaacha kukanyaga.

"Bibi, mimi?"

"Kwani kuna mwengine ndani ya shimo? Mbuzi wangu wanakula manjano miezi miwili, na wewe unaogesha udongo kwa maji yangu."

Nilimwonyesha simu. Naona haya hadi leo nikikumbuka, lakini nilimwonyesha simu. Aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa kiatu.

"Hiyo inajua jua limechomoza wapi?" akauliza.

Siku ya pili niliitwa sabla. Arif alieleza jambo lote, polepole, bila ya kunipaka matope zaidi ya niliyokuwa nayo. Binami yangu hakujizuia. "Si nilisema, enyi jamaa? Diploma inasoma simu, haisomi jua!" Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi nikasimama nikasema nimekosa, na niko tayari kulipa riali zozote wanazotaka.

Bibi alikuwa amekaa nje ya mlango, upande wa wanawake. Sauti yake ikaingia: "Mbuzi wangu wanywe riali?"

Hukumu ilikuwa rahisi. Maji hulipwa kwa maji. Zamu yangu ya kukodi ikaenda kwa bibi, zamu baada ya zamu, mpaka yamalizike niliyomkata. Na kwa kuwa ndilo fungu pekee nililokuwa nalo, nilitoka sabla sina tone. Kuta zilikuwa zimefika nusu. Paa lilikuwa wazi. Baridi ilikuwa imeshaanza, na mkaguzi angekuja ikiisha. Yule tajiri wa Maskat alipita wiki ile ile na gari lake jeupe, akasimama barabarani, akanipungia mkono kwa adabu kabisa. Adabu ile iliniuma kuliko kicheko cha binami.

Mwengine angefunga sanduku. Mimi sikufunga. Sikuvuka bahari na sanduku moja ili nirudishwe Maskat na kivuli cha mti.

Nilifanya mambo mawili. La kwanza, kila asubuhi nilikwenda kukaa kwenye mti ule na wazee niliokuwa nikiwatabasamia. Nilijifunza kila jiwe ni la nani, na kwa nini siku ya mawingu arif hukadiria, na jinsi mtu muungwana anavyofunga maji yake kivuli kikikaribia tu, kabla hakijagusa, ili asile cha mwenzake hata kidogo. La pili, nilikwenda shambani kwa bibi bila ya kuitwa. Nilikuwa nimeona kuwa mfereji wake mdogo, kutoka mlango wa maji hadi kwenye vitalu, ulikuwa umepasuka pahala pengi. Hata zamu yake ikiwa kamili, sehemu kubwa ilimezwa na mchanga kabla ya kufika kitalu cha mwisho. Nikachoma chokaa, nikaizima kwa ndoo za maji ya kunywa, nikaipepeta, nikaipiga kwa ubao siku tatu mfululizo, kama nilivyomwona baba akifanya kwenye mabaraza ya Unguja. Nikaupaka mfereji wote, nikausugua kwa jiwe laini mpaka ukang'aa.

Maji yalipofunguliwa zamu iliyofuata, yalikwenda mbio hadi kitalu cha tatu. Bibi alisimama na miguu mitupu ndani yake.

"Nani kakufunza chokaa?"

"Baba yangu, Ng'ambo."

"Ng'ambo wapi?"

Nikamwambia mtaa. Kumbe baraza la nyumba aliyoolewa, kabla hawajaondoka Unguja, lilipakwa na mafundi wa mtaa ule ule. Huenda baba alikuwamo, huenda hakuwamo. Sitojitia kujua nisilolijua. Lakini tangu siku hiyo hakuniita mwizi tena. Aliniita fundi, na mimi mwenye diploma sijawahi kupewa cheo kilichonifurahisha kama hicho.

"Baridi hii mbuzi wangu watatosheka kwa mawe mawili," akasema. "La tatu chukua. Ukope, usichukue bure. Na utanilipa jiwe kwa jiwe, kwa kivuli, si kwa hicho cha mfukoni."

Bibi alipokopesha, wengine hawakuweza kukaa kimya. Yule mzee wa duka la Pemba akanipa jiwe. Muuza halua akanipa. Mwalimu mstaafu akanipa nusu jiwe, akasema nusu nyengine akishaona paa. Wakafika watu sita. Wa saba arif alikataa kumtaja. "Kuna jiwe la alfajiri, jua likichomoza tu, kila zamu ni lako. Mwenyewe hataki maneno."

Basi nikakanyaga udongo. Tulipiga matofali, tulipandisha kuta, tulizipaka. Boriti tatu zilikuwa zimeoza. Mhandisi akaniruhusu nichukue nyengine tatu kutoka nyumba iliyoanguka jirani, mwenyewe akaridhia. Juu ya boriti tukatandika vijiti vya makuti vilivyosukwa, juu yake mikeka, juu yake udongo, na mwisho chokaa yangu, iliyopigwa mpaka ikawa kama sahani. Chokaa ile ya paa naisema kwa majivuno na sitoomba radhi. Nendeni mukaiguse.

Mvua ilikuja siku nne kabla ya mkaguzi, mvua ya mlimani, ile inayojaza mabonde kwa saa moja. Niliingia ndani, nikalala tena chali sakafuni, pale pale nilipolala siku ya kwanza, nikatazama boriti za babu. Nilingoja tone. Halikuja. Nilingoja mpaka mvua ikaisha, na sakafu ilikuwa kavu kama kibao cha mkate.

Mhandisi alipofika alitembea chumba kwa chumba. Alipanda juu, akapiga chokaa kwa kisigino. Akaugusa ukuta wa mashariki kwa kidole kile kile.

"Hii nani amepaka?"

"Mimi."

"Umesomea wapi?"

"Shimoni," nikasema.

Akacheka, akatia saini. Warithi walikuwa wamesimama nje kwenye kichochoro. Tajiri wa Maskat hakuja. Binami yangu alikaa ndani muda mrefu, akigusa mlango, akigusa dirisha, na nilipomwuliza vipi, alisema tu, "Harufu yake ni ile ile," kisha akatoka haraka.

Sasa lilibaki deni. Desturi ya kijiji ni kwamba maji uliyokopa wakati wa baridi unayalipa wakati wa baridi. Baridi mkulima anaweza kungoja na mtende unaweza kungoja. Lakini katika geidhi, msimu wa joto na tende, jiwe moja la maji ndilo tende kunenepa au kukunjamana. Hakuna anayelitoa. Mimi nikasimama sabla, pahala pale pale nilipochekwa, nikatangaza: nilikopa maji ya baridi, nitalipa maji ya joto.

"Utayatoa wapi?" akauliza mwalimu mstaafu.

Nilikuwa nimeshayatoa. Falaj ina fungu lake lenyewe ambalo hupigwa mnada kwa ajili ya matengenezo; la baridi lilikuwa limeshauzwa, lakini majira yale, wakati hakuna anayewaza joto, nilinunua mawe ya msimu mzima wa joto, wengine wakidhani nimerukwa na akili. Tena lilikuwamo fungu moja la zamani lililokuwa likiuzwa na mrithi wa mtu aliyelinunua zamani, na arif aliponisomea daftari, lilikuwa fungu la babu yangu. Nikalinunua nalo. Hilo simlipi mtu. Hilo limerudi kwao.

Nililipa msimu ule wote. Muuza halua, mzee wa Pemba, mwalimu na jiwe lake zima, na wengine. Kila mmoja nilisimama mwenyewe kwenye mlango wake wa maji, nikingoja kivuli, na simu niliiacha nyumbani. Bibi nilimlipa jiwe lake, na juu yake nikaongeza nusu, kwa yale manjano. Alisema mbuzi wake wananisalimu.

Siku ya mwisho ilikuwa ya yule wa saba. Arif akaniambia nitangulie alfajiri, nifuate mfereji mpaka mlango wa maji uliofungwa kwa gunia la bluu. Niliufuata. Uliniongoza mpaka kwenye mitende ya binami yangu, chini tu ya uwanja wa mti wa kivuli.

Alikuwa amekaa juu ya ukingo, kanzu yake ya dishdasha imekunjwa, ananingoja. Nilisimama, nikamtazama.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Nilikukopesha ili nione ukishindwa vizuri."

"Nimeshindwa?"

"Paa lako nimelipanda mara tatu, hukuwapo. Lete maji, jua linatoka."

Jua likachomoza, kivuli kikagusa jiwe. Nikang'oa gunia, maji yakaingia chini ya mitende yake, mapana, baridi, yakizunguka shina kwa shina. Tukasimama ndani yake hadi vifundoni, wajukuu wawili wa mtu mmoja.

"Nenda ukaone choo," nikamwambia.

Akasema alikwisha kukiona. Akasema ni kizuri. Nami nikafunga mlango wa maji kivuli kilipokaribia jiwe, kabla hakijagusa, nikapanda kwenda nyumbani kwa babu nikiwa sina deni la tone moja kwa mtu yeyote wa kijiji kile.